Mzee wako akianza kukonda usimpongeze kwanza: namna ya kufuatilia uzito na nguvu baada ya miaka 60

Mama yangu alikuwa anabana sketi na pini. Niliiona siku moja anainuka kwenye kiti, mkono mmoja ameshika meza, mwingine ameshika kiuno cha sketi isidondoke, nikamuuliza kulikoni akanambia ah, imelegea tu siku hizi. Na sisi wote nyumbani tulikuwa tunamsifia, mama umepungua, mama umekuwa msichana, na yeye anafurahi kabisa maana miaka nenda rudi kliniki ya presha anaambiwa apunguze. Ana miaka 74. Hamna hata mmoja wetu aliyejiuliza hizo kilo zimeenda wapi na zimeondokaje wakati hajafanya daiti yoyote.

Tukaenda kumpima. Kadi yake ya zamani ilisema kilo 68, mzani ukasema 62, yani kilo 6 ndani ya miezi minane. Chanzo kilikuja kuwa meno ya bandia, yalikuwa yamelegea yanamchubua fizi, kwahiyo kimyakimya akawa ameacha nyama, ameacha maharage, ameacha kila kinachotafunwa, anakunywa chai na mkate uliolowa basi. Na mtu akikonda na fizi nazo zinapungua, meno yanalegea zaidi, anakula kidogo zaidi, anakonda zaidi. Yani mduara.

Naandika hii kwasababu nimegundua wengi wetu tunaangalia uzito wa mzee kwa macho yale yale tunayojiangalia nayo sisi wa miaka 35, na sio sawa. Nitaelezea vitu vya kufanya nyumbani, vingi havina gharama, unahitaji mzani, tepu ya fundi nguo, kiti, na daftari.

Kwanza tuelewane kuhusu BMI

BMI ni kipimo cha uzito wa mtu ukilinganisha na urefu wake. Hesabu yake ni rahisi, uzito kwa kilo unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama ana mita 1.60, sasa 1.60 mara 1.60 ni 2.56, kilo 68 gawanya kwa 2.56 unapata 26.6. Zile chati za ukutani zinasema 18.5 mpaka 24.9 ndo uzito mzuri, 25 kwenda juu umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa kupitiliza. Kwahiyo alipokuwa na 68 alikuwa "amezidi", na aliposhuka mpaka 62 akawa na 24.2, yani chati inamhesabu kwenye "uzito mzuri" wakati mwili wake unapungukiwa kila wiki. Hapo ndo utaona tatizo la kuangalia namba moja ya siku moja.

Hiyo hesabu yenyewe ilianza miaka ya 1830 na Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na takwimu sio daktari, alikuwa anatafuta umbile la mtu wa wastani kwenye jamii nzima. Jina la BMI limekuja 1972 kwa mtafiti Ancel Keys wa Marekani. Inasaidia sana kuangalia watu elfu kumi kwa pamoja, lakini kwa mtu mmoja haikwambii hizo kilo ni mafuta, ni misuli, au ni maji yamejaa miguuni.

Na kwa wazee mipaka inasogea. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha tafiti 32 zenye watu karibu 198,000 wa miaka 65 na kuendelea, wakakuta hatari ya kufa iko chini kwa wale wenye BMI ya kama 24 mpaka kwenye 30 na kidogo. Ukishuka chini ya hapo hatari inapanda, wenye 21 walikuwa juu kwa 12% na wenye 20 juu kwa 19% wakilinganishwa na wenye 23. Na ukizidi sana nako inapanda, kuanzia kama 33. Kwa mtu wa mita 1.60 hiyo 24 ni kilo 61 na ushee, na 30 ni karibu 77. Yani bibi mwenye kilo 70 na urefu huo, anatembea, anakula, sukari yake na presha viko sawa, mwache jamani, msimtafutie ugonjwa.

Tena pima urefu upya, usichukue ule wa kitambulisho cha zamani. Uti wa mgongo unasinyaa na umri, mtu anaweza kupoteza sentimita kadhaa, na ukitumia urefu mwingine hesabu inakuja nyingine.

Lakini kitu kikubwa kuliko namba ni inaelekea wapi. Kule California kuna wastaafu walianza kufuatiliwa mwaka 1981 kwenye mji wao wa wazee, zaidi ya watu 13,000, wastani wa umri miaka 73, wakafuatiliwa miaka 23. Waliokonda sana walikufa mapema zaidi, wenye unene wa kupitiliza pia, ila waliozidi kidogo hapana, walikuwa sawa na wenye uzito wa kawaida. Na wale ambao uzeeni walikuwa wamepungua kuliko walivyokuwa na miaka 21 walikuwa na vifo zaidi, haijalishi BMI yao ya miaka 21 ilikuwa ngapi. Ila kijana unayesoma hapa usijipe ruhusa, kwenye utafiti huo huo waliokuwa wanene wakiwa na miaka 21 nao walikufa mapema zaidi. Unene wa ujanani una muda wa kutosha kuharibu mishipa na magoti, wa miaka 75 hauna muda huo, na una kazi ya akiba mtu akiugua.

Na niseme ukweli, sehemu ya hii ni kwamba ugonjwa wenyewe unakondesha kabla haujajulikana, kwahiyo sio kwamba wembamba ndo unaua. Kuna wazee wembamba toka utotoni na wako imara kabisa, hao usiwalazimishe kunenepa. Tunaomuogopea ni yule ambaye alikuwa hivi na sasa yuko vile na hamna aliyepanga.

Kupima, na jinsi ya kupima vizuri

Mara moja kwa mwezi inatosha, chagua tarehe moja, mfano tarehe 1. Asubuhi akishatoka chooni, hajala, nguo nyepesi, bila viatu, mzani ule ule, na uwe juu ya sakafu ngumu sio juu ya zulia maana kwenye zulia mzani unadanganya. Andika kwenye daftari. Usitegemee kichwa, mi nilikuwa naapa mama hajapungua hivo.

Alafu piga hesabu ya 5%. Mtu wa kilo 60 ni kilo 3, wa 70 ni kilo 3 na nusu, wa 80 ni kilo 4. Akipoteza kiasi hicho au zaidi ndani ya miezi 6 mpaka 12 bila kukusudia, nenda hospitali, usisubiri. Inaweza kuwa kitu kidogo kama meno, au dawa fulani inayomuua hamu ya kula, inaweza kuwa sonona, hasa kama amefiwa na mwenzake, inaweza kuwa kisukari, TB, tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, shida ya kumeza, au saratani. Au hawezi tena kusimama jikoni muda mrefu na anaona aibu kusema. Nyingi kati ya hizo zina matibabu zikijulikana mapema.

Kinyume chake pia kipo. Uzito ukipanda ghafla zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, pumzi inakata akilala chali, hayo sio mafuta, ni maji, na moyo ndo unaweza kuwa umechoka. Hiyo unaenda siku hiyo hiyo.

Huna mzani? Angalia vitu vinavyomzunguka. Pini kwenye sketi, mkanda uliotobolewa tundu jipya, pete inayozunguka kidoleni, saa inayoteleza mpaka kwenye kiwiko. Alafu chukua tepu ya fundi, akae kwenye kiti miguu imekanyaga chini, pima kigimbi pale kilipo kinene zaidi bila kukaza tepu. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua. Mama alikuwa na 29.

Tepu hiyo hiyo pima kiuno, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu. Mafuta ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo ndo yanayoleta kisukari na magonjwa ya moyo, yale ya mapajani na makalioni hayana shari hiyo. Wa kumuangalia kwa karibu ni mwenye tumbo kubwa alafu miguu na mikono kama vijiti, huyo anaweza kuwa na BMI ya kawaida kabisa na bado ana matatizo yote mawili, mafuta mahali pabaya na misuli hakuna.

Kipimo cha kiti

Hiki nakipenda kuliko vyote. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Mzee akae katikati, mikono ameikunja kifuani kama anajikumbatia, miguu chini. Ukisema anza anasimama wima kabisa, anakaa, anasimama, anakaa, kwa sekunde 30. Unahesabu amesimama mara ngapi. Akitumia mikono kujisukuma basi ni sifuri, na sio aibu, ni mahali pa kuanzia. Wewe simama pembeni yake, usikae mbali unachezea simu.

Mwanamke wa miaka 65 mpaka 69 akipata chini ya 11 nguvu za miguu ziko chini, wa 70 mpaka 79 ni chini ya 10, wa 80 mpaka 84 chini ya 9. Mwanaume wa 65 mpaka 74 ni chini ya 12, wa 75 mpaka 79 chini ya 11, wa 80 mpaka 84 chini ya 10. Mama mara ya kwanza alisimama mara 6, ya sita akaangukia kwenye kiti badala ya kukaa, na akacheka akasema magoti yamekuwa ya mtu mwingine.

Kwanini nasisitiza misuli kiasi hiki? Kwasababu misuli ndo inayomtoa mtu kitandani, ndo inayomzuia akijikwaa asifike chini, ndo inayomeza sukari inayotoka kwenye chakula, na akiugua mwili unachota protini humo humo kupigana na ugonjwa. Na inaondoka haraka mno. Kuna wazee wazima wa afya walilazwa kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti, 2007, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Siku kumi! Sasa fikiria mzee aliyelazwa na homa ya mapafu wiki mbili alafu anarudi nyumbani tunamwambia pumzika mzee wangu usijisumbue. Tunamaanisha mema lakini tunammaliza.

Habari njema ni kwamba inarudi. Mwaka 1990 Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua watu wa kwenye nyumba ya wazee, umri 86 mpaka 96, wengi na magonjwa yao, wakawanyanyulisha vyuma vizito kwa miguu wiki 8. Tisa waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Kwahiyo yule anayesema mimi nishazeeka mazoezi ya nini, mwambie kuna waliokuwa na miaka 90 na misuli yao ikasikia.

Mazoezi yenyewe

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema hata wa miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi ya balansi siku 3 au zaidi. Ukiisikia hivo inatisha. Usianze nayo yote. Anza na kiti.

Kusimama na kukaa kwenye kiti, mara 8 mpaka 12, pumzika dakika moja mbili, rudia. Kama hawezi bila mikono weka mto juu ya kiti kiwe juu zaidi, au asukume kidogo kwa mkono mmoja, wiki hadi wiki unapunguza. Mbili za mwisho zinatakiwa ziwe ngumu kweli, kama anamaliza anapiga stori basi ni nyepesi na hazimjengi, ongeza. Alafu pushapu za ukutani, anasimama hatua moja kutoka ukutani, mikono usawa wa kifua, anajishusha anajisukuma. Alafu kupanda kwenye vidole vya miguu ameshika sinki, hiyo ni ya vigimbi. Alafu kubeba, chupa ya maji ya lita ni kilo moja, chupa mbili mkono huu na mbili ule kwenye mfuko, anatembea nazo kutoka ukuta hadi ukuta. Asibane pumzi, anatoa pumzi wakati wa kusukuma. Siku mbili kwa wiki zisizofuatana, na maumivu ya misuli kesho yake ni kawaida ila maumivu ya kiungo yanayochoma wakati huo huo sio kawaida, acha hilo zoezi ufanye lingine.

Balansi ifanyike pale pale kwenye sinki. Mguu mmoja juu, vidole viwili vimegusa sinki, kisha kimoja, kisha hakuna. Lengo ni sekunde 10 kila mguu. Watafiti wa Brazil walipima watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75, walioshindwa hizo sekunde 10 hatari yao ya kufa ndani ya miaka kama saba ya kufuatiliwa ilikuwa karibu mara mbili. Sio kwamba kusimama mguu mmoja ni dawa, ni kwamba huo mguu mmoja unapima vitu vingi kwa pamoja, macho, masikio, mishipa ya fahamu, misuli.

Kutembea sasa. Ile habari ya hatua 10,000 ilianzia Japan miaka ya 1960 kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua, halikuwa agizo la daktari. Wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa miaka 72, walivalishwa vipimo, matokeo yakatoka 2019: waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku vifo vilikuwa pungufu kwa 41% kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi ikatulia. Kwahiyo kama mzee anatembea hatua 2,000 ongeza 500 wiki hii, hiyo ni dakika tano tu, na ni pale chini ndo kila hatua ina faida kubwa. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu, au amefanyiwa upasuaji karibuni, ongea na daktari kabla. Na yakimtokea katikati ya zoezi, anaacha hapo hapo.

Chakula

Nitasema moja kubwa, protini asubuhi. Wazee wengi protini yao yote iko kwenye mlo wa mchana au wa usiku, asubuhi ni chai na wanga. Na misuli ya mzee haisikii vizuri kama ya kijana, inahitaji dozi kubwa zaidi ndo ianze kujijenga. Mtu mzima wa kawaida anaambiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa mzee wataalamu wengi wanasema gramu 1 mpaka 1.2. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72 kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, gramu mia moja za kuku au samaki aliyepikwa ni 20 na kitu. Ukigawa mara tatu ni kama 20 na kidogo kila mlo, mayai mawili na glasi ya maziwa unaikuta. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake kusema, hili nalisema kwa msisitizo.

Asiyeweza kutafuna unamsagia, unampondea, unamchambulia samaki, unachanganya unga wa karanga au maziwa kwenye chakula laini. Na peleka meno yarekebishwe, sisi tulifanya hivo na ndani ya wiki mbili mama alianza kuomba nyongeza mwenyewe. Kiu nayo inapungua na umri, kwahiyo maji asisubiri kiu, ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi afuate alichopangiwa. Chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyote, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vya makopo. Ila kama mzee amekonda na hataki kula kwasababu chakula hakina ladha, tia limao, vitunguu, tangawizi, usimpe chakula cha adhabu.

Na yule ambaye kweli anatakiwa kupungua? Wapo, magoti yanauma, sukari iko juu, BMI 35. Huyo apungue polepole na asipungue bila mazoezi. Ulitoka utafiti 2011 wa wazee 107 wanene, mwaka mzima, waliopunguza chakula tu na waliopunguza chakula pamoja na mazoezi wote walipungua karibu 10%, lakini wa chakula tu walipoteza 5% ya sehemu ya mwili isiyo mafuta na waliochanganya 3%, na waliochanganya ndo waliokuja kutembea na kusimama vizuri kuliko wote. Zile daiti za kunywa juisi wiki mbili au kufunga siku nzima nzima, kwa mtu wa miaka 70 sikubaliani nazo kabisa.

Mengine

Sigara. Madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000 walifuatiliwa toka 1951 kwa miaka 50, wavutaji walikufa kama miaka 10 mapema, walioacha na miaka 30 walirudisha karibu yote 10, wa 40 miaka 9, wa 50 miaka 6, na hata wa 60 walirudisha kama 3. Na hapa kuna mtego wa uzito, ukiacha unaongezeka kilo kadhaa na wengine wanarudi kuvuta kwa kuogopa hizo kilo. Miaka mitatu ya maisha kwa kilo nne, chukua miaka.

Pombe, kama hanywi asianze eti kwa ajili ya moyo. Usiku, fungua njia ya kwenda chooni, taa iwe karibu na mkono, zulia linaloteleza litoke, ndala zilizoisha zitupwe, maana wengi wanaanguka hapo. Dawa za usingizi zinachangia, muulize daktari kama bado anazihitaji.

Na kula na watu. Mwaka 2010 zilijumlishwa tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kuwa hai kubwa zaidi kwa 50% kuliko wapweke. Mi kwa macho yangu nimeona, mama akila peke yake sahani inarudi nusu, akikaa na wajukuu anamaliza na anagombana nao kwenye mfupa. Kama uko mbali piga simu ya video saa ya kula, weka simu juu ya meza, kuleni wote.

Baada ya miezi minne mama alisimama mara 10 kwenye kiti, kigimbi kikawa 30 na nusu, kilo 65. Anafanya siku za Jumanne na Ijumaa, daftari analishika mwenyewe na ukijaribu kumwandikia moja zaidi anakufokea.

Daftari lenu ligawe safu nne tu, tarehe, kilo, kigimbi, kiti. Siku mkienda kwa daktari usiseme mama amepungua kidogo, maana hilo kila mtu analisema, mfungulie ukurasa aone, tuseme kwa mfano, Januari 68, Aprili 66, Agosti 62, kiti kutoka 12 mpaka 8, na mfuko wenye dawa zote anazokunywa, pamoja na zile za kununua bila cheti na za mitishamba, uumwage pale mezani kwake.